Anne Sullivan: Mwalimu aliyezungumza na kiganja

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la utangulizi wa isimu, na kila tunapofikia mada ya jinsi mtoto anavyopata lugha, huwasimulia kisa kile kile. Ni kisa cha Helen Keller, msichana asiyeona wala kusikia, aliyemwagiwa maji mkononi kando ya pampu ya kisima huku mwalimu wake akimwandikia neno maji katika kiganja cha mkono wa pili. Papo hapo mtoto aling'amua kwamba kila kitu kina jina. Ukumbi hunyamaza kimya. Nami nilikuwa nikikusanya vitabu vyangu na kuondoka nikiwa nimeridhika kabisa.

Mwaka mmoja, mwanafunzi wangu mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alikuwa mwalimu wa miaka mingi aliyekuja chuoni kujiendeleza, na huko alikotoka alifundisha watoto wasioona ambao, juu ya upofu, wana uziwi, au viungo vilivyolemaa, au akili inayokua polepole. Aliniuliza kwa adabu mwalimu yule wa Helen alifanya nini kesho yake asubuhi. Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba watoto wake hawajapata kufika kisimani. Wao wana kesho yake asubuhi tu, kila uchao.

Swali hilo lilinitia haya, kwa kuwa aliyeniuliza alilihitaji jibu Jumatatu ijayo, wala si kwa ajili ya mtihani. Nikarudi vitabuni. Makala haya ni jibu ambalo ningepaswa kumpa siku ile, nami nalitoa kwa kusimulia maisha ya mwalimu mwenyewe, maana wengi wanamjua mwanafunzi kuliko aliyemfunza.

Anne Sullivan alizaliwa tarehe 14 Aprili, 1866 katika kijiji cha Feeding Hills, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, watu fukara waliokimbia njaa. Baba hakujua kusoma, na pombe ilikuwa imemtawala. Anne alipokuwa na miaka mitano hivi aliugua trakoma, maradhi ya macho ambayo jamii za wafugaji wa Turkana na Narok zimeyajua kwa muda mrefu, na ambayo hupofusha polepole kwa kulikwaruza jicho kila kope zinapopepesa. Alipofikisha miaka minane, mama yake alifariki kwa kifua kikuu. Baba alishindwa na malezi, akawaacha watoto.

Mwezi wa Februari 1876, Anne na mdogo wake Jimmie, ambaye nyonga yake ilikuwa imeharibiwa na kifua kikuu, walipelekwa katika makao ya maskini ya Tewksbury. Humo walirundikwa pamoja wazee, wagonjwa, wenye wazimu na mayatima. Baada ya miezi michache Jimmie alikufa. Anne akabaki peke yake, akiona ukungu mtupu, bila shule, kwa zaidi ya miaka minne.

Aliposikia kwamba ulimwenguni kuna shule za vipofu, hakulisahau neno hilo. Mwaka 1880 wakaguzi wa jimbo walipozuru makao yale, msichana huyo aliwafuata chumba hadi chumba, na hatimaye akajitupa mbele yao akimlilia mkubwa wao, Frank Sanborn, ampeleke shule. Oktoba mwaka huo huo akaingia Taasisi ya Perkins mjini Boston. Alikuwa na umri wa miaka 14, na hakuweza kutahajia hata jina lake. Wenzake wadogo walimcheka. Lakini alipasuliwa macho mara mbili, akapata kuona kiasi cha kuweza kusoma maandishi ya kawaida, na mwezi wa Juni 1886 alihitimu akiwa ndiye aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa niaba ya darasa lake.

Pale Perkins alikuwako mwanamke mmoja ambaye bila yeye kisa chetu kisingekuwako. Naye ni Laura Bridgman, aliyezaliwa mwaka 1829, akapoteza kuona na kusikia kwa homa akiwa na umri wa miaka miwili. Mwaka 1837 Dkt. Samuel Gridley Howe, mkuu wa kwanza wa taasisi hiyo, alimpokea na kuanza kumfundisha kwa kubandika maneno yenye herufi za kupapasika juu ya vijiko, visu na funguo. Laura alipolitambua neno zima, Howe alilikata herufi moja moja, na baadaye mtoto akafundishwa alfabeti ya vidole, ambayo kila herufi yake ni umbo la vidole linalowekwa ndani ya kiganja cha msikilizaji. Habari zake zilienea duniani, kwa kuwa kabla yake wataalamu wengi waliamini kwamba mtu wa namna hiyo hafundishiki.

Anne alipofika Perkins, Laura alikuwa mtu mzima anayeishi pale pale. Wanafunzi wengi walimwona kama sehemu ya jengo. Anne alijifunza alfabeti ya vidole, akawa akizungumza naye. Naomba walimu walitie alama jambo hili: kabla Anne hajamfundisha mtu yeyote asiyeona wala kusikia, alikuwa amekwisha kuzungumza na mmoja wao. Alimjua Laura kama mtu wa kupiga naye gumzo.

Mwaka 1886 Kapteni Arthur Keller wa mji wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, aliiandikia taasisi hiyo akiomba mwalimu wa binti yake. Helen alizaliwa tarehe 27 Juni, 1880, na akiwa na miezi 19 alishikwa na maradhi yaliyomwacha bila kuona wala kusikia. Mkuu wa Perkins wakati huo, Michael Anagnos, alimteua Anne. Hakuwa na cheti chochote cha ualimu. Alitumia miezi kadhaa kusoma taarifa za Howe kuhusu Laura, akafunga safari, akawasili Tuscumbia tarehe 3 Machi, 1887. Alikuwa na miaka 20.

Hadithi kama ninavyoisimulia darasani humfanya Helen aonekane kana kwamba alikuwa gogo hadi siku ya kisima. Huo si ukweli. Mtoto huyu alikuwa amejibunia ishara zipatazo 60. Alitikisa kichwa kukataa na kukiinamisha kukubali. Alipotaka mtu aje alimvuta, na alipotaka aende alimsukuma. Alipotaka mkate aliigiza kukata na kupaka siagi, na alipomtaja baba yake aliigiza kuvaa miwani. Binti wa mpishi wa nyumbani mwao alizielewa ishara hizo vyema kuliko watu wazima wengi. Kwa hiyo hamu ya kuwasiliana ilikuwako, na mawasiliano yalikuwako. Kilichokosekana ni mfumo mmoja ambao watu wote wanaomzunguka wangeutumia kumsemesha naye akawajibu. Alipokosa kueleweka alilia, akapiga mateke na kuvunja vitu. Tunapomwona mtoto wa namna hiyo tukasema ana tabia mbaya, mara nyingi huwa tumeisikia sauti yake bila kuitambua kuwa ni sauti.

Anne alianza kwa mwanasesere aliyetumwa na watoto wa Perkins, na ambaye nguo zake zilishonwa na Laura Bridgman. Alimpa Helen mwanasesere huyo, kisha akamwandikia jina lake kiganjani. Helen aliiga vidole kwa furaha, lakini alikuwa akicheza tu. Kisha yakaja mapambano ya mezani, kwani Helen alizoea kupita akitwaa chakula katika sahani za watu. Anne alimzuia kwa nguvu, wakagombana hadi jasho likawatoka. Hatimaye aliwashawishi wazazi wamwachie mtoto katika nyumba ndogo iliyokuwa uani, wakaishi huko wawili kwa takriban majuma mawili, mpaka Helen akatulia.

Tarehe 5 Aprili, 1887, baada ya asubuhi nzima ya kuchanganya neno la kikombe na neno la maji, Anne alimpeleka pampuni. Yaliyotokea pale kila mtu anayajua. Machache hujua kwamba, kabla hajaugua, Helen alikuwa ameanza kulitamka neno la maji kwa kitoto chake, na kwamba sauti hiyo iliyovunjika ilimbakia. Baada ya pampu aliinama akaigusa ardhi na kuuliza jina lake. Akauliza jina la pampu. Kisha akageuka akauliza jina la yule aliyemshika mkono, naye Anne akamwandikia kiganjani kwamba ni mwalimu. Helen alimwita Mwalimu kuanzia siku hiyo hadi kifo kilipowatenganisha.

Tamthilia ya William Gibson iliyooneshwa New York mwaka 1959, pamoja na filamu yake ya mwaka 1962, hufikia kilele chake hapo, na watazamaji wakafuta machozi na kwenda nyumbani. Nami pia nilikuwa nikiishia papo hapo.

Sasa tuje kesho yake. Siku chache baada ya kisima, mwezi uo huo wa Aprili, Anne alimtazama binamu mchanga wa Helen, mtoto wa umri wa miezi 15 hivi. Aliona kwamba mtoto yule alielewa mambo mengi aliyoambiwa. Ukimtajia pua aligusa pua, ukimtajia mlango aliuendea, ilhali yeye mwenyewe alisema maneno machache mno. Hakuna aliyekuwa amempangia ratiba ya maneno. Watu walimsemesha tu, tangu alipozaliwa, wala hawakungoja aelewe ndipo waanze kumsemesha.

Hapo Anne aliamua jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni kubwa kuliko la kisimani. Aliyaacha masomo ya saa maalumu. Aliazimia kusema kiganjani mwa Helen kama watu wanavyosema masikioni mwa mtoto mchanga: kwa sentensi kamili, kuhusu jambo linalotendeka wakati huo, asubuhi hadi jioni, bila kudai mtoto arudishe kila neno. Pale ambapo maneno hayakutosha, alijazia kwa ishara zile zile ambazo Helen alikuwa amejibunia. Wakitembea alimweleza njia. Kifaranga kilipoangua yai, yai liliwekwa mkononi mwa Helen, na habari ikaelezwa kiganjani.

Mwaka ulikuwa 1887. Uchunguzi wa kitaalamu wa jinsi watoto wanavyopata lugha, ambao sisi wanaisimu tunajivunia leo, ulishamiri katika nusu ya pili ya karne ya ishirini. Tumejaza maktaba kwa kuthibitisha kwamba ufahamu hutangulia usemi, na kwamba lugha hukua ndani ya mazungumzo yenye maana kwa mtoto. Mwanamke wa miaka 20 aliyelelewa katika makao ya maskini aliyaona hayo kwa kumtazama mtoto akicheza sakafuni.

Sehemu iliyobaki ya maisha yake nitaieleza kwa ufupi. Mwaka 1891 Helen, akiwa na miaka 11, aliandika hadithi fupi iliyobainika kufanana mno na ya mwandishi mwingine ambayo aliwahi kusomewa. Perkins iliunda kamati ya kumhoji mtoto, na uhusiano wa Anne na taasisi hiyo ukaharibika. Kwangu mimi shutuma ile ilikuwa ya kusikitisha, maana kila mtoto hujifunza lugha kwa kukopa vinywa vya wengine, na Helen alikopa kiganja cha mtu mmoja. Mwaka 1899, katika mtihani wa kuingia Chuo cha Radcliffe, Anne hakuruhusiwa kumsomea Helen maswali. Hata hivyo Helen alifaulu, na kuanzia mwaka 1900 Anne aliketi kando yake katika kila mhadhara akimwandikia kiganjani maneno ya wahadhiri, na usiku akamsomea vitabu ambavyo havikuwako kwa maandishi ya breli. Mwaka 1904 Helen akawa mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada ya kwanza. Anne hakupewa shahada, na macho yake yalizidi kudhoofika kwa kazi hiyo.

Aliolewa na John Macy mwaka 1905, lakini ndoa hiyo haikudumu. Katika miaka yake ya mwisho alipofuka kabisa. Alifariki tarehe 20 Oktoba, 1936, akiwa na miaka 70, na majivu yake yamehifadhiwa katika Kanisa Kuu la Taifa mjini Washington. Helen alipofariki mwaka 1968, majivu yake yaliwekwa papo hapo.

Najua mwalimu yule aliyeniuliza angenikatiza hapa. Angesema kwamba Helen alikuwa na akili kali, kwamba alisikia na kuona kwa miezi 19, na kwamba alikuwa na mwalimu wake peke yake usiku na mchana. Angekuwa na haki kabisa. Wako watoto waliozaliwa bila kuona wala kusikia. Wako wasioona ambao vidole vyao haviwezi kuunda herufi hata moja. Wako ambao hawatapata kuandika sentensi maishani. Kumpima mtoto wa namna hiyo kwa Helen Keller ni kumwonea, na ni kumwonea mwalimu wake pia.

Tena si kila tendo la Anne ni la kuigwa. Zile nguvu za mezani, za kuukamata mkono wa mtoto na kuulazimisha, walimu wengi wa siku hizi wameziacha. Wao huweka mkono wao chini ya mkono wa mtoto, ili mkono wake ukae juu, ufuate ukipenda na uondoke ukichoka. Kwa asiyeona wala kusikia, mkono ni jicho, ni sikio na ni ulimi. Kuubana ni sawa na kumziba mtu kinywa.

Lakini uamuzi wake wa kesho yake asubuhi ungali unafaa kwa kila mtoto, hata yule asiyeweza kutahajia. Baadaye nilialikwa na mwanafunzi wangu huyo nikatembelea darasa lake. Mvulana mmoja alikuwa ameketi, haoni, hasikii, na miguu yake haina nguvu. Kabla ya chakula mwalimu alimgusa begani kwa namna ile ile anayomgusa kila siku, ili ajue ni nani aliyefika. Kisha akampa kijiko akishike. Hakumlisha papo hapo. Alingoja. Nilihesabu moyoni nikapita ishirini, nikaanza kuona aibu kwa niaba yake, nikidhani somo limeshindikana. Ndipo mvulana akakiinua kijiko akakigusisha mdomoni mwake. Mwalimu akaijibu ishara hiyo kwa chakula, kama vile mtu anavyojibu hodi kwa karibu.

Katika kungoja kule nilimwona Anne Sullivan kuliko nilivyomwona kisimani. Kijiko kilikuwa neno. Kimya kilikuwa zamu ya mtoto kusema. Mwalimu aliyejaza kimya hicho kwa haraka angekuwa amemnyang'anya zamu yake.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inataja breli, lugha ya ishara na njia nyinginezo za mawasiliano, na inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuzitumia. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya imekuwa ikiwaandaa walimu tangu mwaka 1986, na huko Kabarnet ipo shule ya watoto wasioona wala kusikia. Hayo ni ya kushukuru. Hata hivyo haki iliyoandikwa haimgusi mtoto begani. Bado wako watoto majumbani, na hata madarasani, wanaooshwa, wanaovishwa na kulishwa bila kuambiwa lolote kwa mkono wala kwa kitu, wakinyanyuliwa ghafla kama mizigo, kwa dhana kwamba hawaelewi. Ni nani ataelewa lugha ambayo hajapata kusemeshwa?

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, na wanafunzi mnaojiandaa kwa kazi hii, tuanze kabla mtoto hajaonesha kwamba anastahili. Mwarifu kwa mguso mmoja usiobadilika kwamba umefika. Mpe kitu kinachotangulia tendo, kikombe kabla ya maji, kitambaa kabla ya kuoga. Tazama anavyojibu, hata ikiwa ni kwa pumzi tu au kidole kilichotikisika, nawe umjibu. Zaidi ya yote, ngoja. Wazazi wafundishwe hayo pia, maana wao ndio wenye usiku na mchana aliokuwa nao Anne.

Mwaka huu nilipofikia mada hiyo, kisima nilikipitia kwa dakika tano. Saa iliyobaki niliwasimulia juu ya yule mtoto wa miezi 15 aliyecheza sakafuni, na kijiko nilichokiona kikinyanyuliwa. Mwanafunzi wangu yule alikuwa amekwisha kuhitimu na kurudi kwa watoto wake. Natamani angekuwako ukumbini.